Hakuna Dada wa Kazi Anayekula Bure

"Si anakula na kulala bure?" Ndilo jibu utakalopewa Dar es Salaam ukiuliza kwa nini dada wa kazi analipwa kiduchu, na wanaolitoa ni waungwana, watu wa kusali na kutoa sadaka. Mimi naiita dhuluma.

Bure iko wapi? Anayelala kwako ndiye anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri kumwandaa mtoto wa shule, na ndiye anayefungua geti usiku wa manane baba akirudi. Mtoto akichemka homa, anakesha yeye. Huo wali anaohesabiwa kaupika mwenyewe, na kaula wa mwisho.

Sheria nayo imeibariki imani hii. Amri ya kima cha chini iliyoanza kutumika Januari 2023 iliwapangia wafanyakazi wa nyumba za kawaida shilingi 120,000 kwa mwezi kwa asiyelala kwa mwajiri, na 60,000 kwa anayelala. Nusu nzima ilikwenda kwenye godoro na ugali, ilhali huyu wa pili ndiye asiye na saa ya kutoka kazini. Na wangapi waliipata hata hiyo 60,000?

Wengine watasema mshahara ni mambo ya mfukoni, haki za binadamu ni kesi za mahabusu na wapiga kura. Haya, mtazame binti aliyeletwa kutoka Singida, mshahara wake "anatunziwa" na mama mwenye nyumba. Siku baba mwenye nyumba akianza kumgongea mlango usiku, ataondokaje? Nauli hana, simu haina salio. Kwenda atakako, kutibiwa bila kuomba ruhusa, hata kulipa ada ya uanachama wa CHODAWU, chama cha wafanyakazi: vyote vimo kwenye pochi ya mtu mwingine. Si bure Tangazo la Dunia kuhusu Haki za Binadamu la 1948 liliutaja ujira wa haki, na Katiba yetu ikautaja katika ibara ya 23.

Tunalia binti zetu wakinyang'anywa pasipoti Uarabuni, na lazima tulie. Lakini mshahara wa miezi minne ulioukalia hapo Sinza unamfunga binti wa watu vilevile. Mlipe kila mwisho wa mwezi, kwenye namba yake mwenyewe. Kama kipato chako hakitoshi kumlipa, huna uwezo wa kuajiri. Fua nguo zako.