Anayebaki na Windows Asidharauliwe, Ila Ajiulize Kwa Nini Anabaki

Miongoni mwetu tunaosoma falsafa kuna mjadala usiokwisha kuhusu kompyuta. Wanaotumia Linux hushangaa: mfumo huu hutolewa bila malipo, virusi vinavyosambaa kwa flashi huusumbua mara chache, na hufanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu. Kwa nini basi watu wengi wang'ang'anie Windows? Jibu la haraka ni kwamba watu ni wavivu, au wanaogopa mambo mapya. Sisi hatukubaliani na jibu hilo.

Kwanza kuna mazoea. Aristotle alifundisha kwamba mazoea hujengeka kwa kurudia tendo, na yakikomaa hufanana na maumbile. Katibu wa parokia aliyetumia Word kwa miaka kumi hafikirii tena vidole vyake viende wapi. Kumwambia aanze upya ni kumrudisha darasani huku watu wamepanga foleni mlangoni wakisubiri vyeti vya ubatizo. Huyo si mvivu, ana kazi.

Pili, kompyuta haitumiki kwa upweke. Barua huandikwa ofisini, hufunguliwa jimboni, huchapwa kwa mwenye steshenari. LibreOffice, inayotumika sana kwenye Linux, hufungua faili za Word, lakini mara nyingine jedwali huhama au fonti hubadilika, na kurasa 12 zikawa 13. Kompyuta ikiharibika, fundi wa mtaani anaijua Windows. Programu nyingi za uhasibu nazo zimetengenezwa kwa ajili ya Windows tu. Kwa hiyo anayehama peke yake huhama na matatizo ambayo jirani zake hawana.

Mfano mzuri ni jiji la Munich, Ujerumani. Mwaka 2003 halmashauri yake iliamua kuhamia Linux, ingawa Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, alisafiri mwenyewe kwenda kuishawishi isifanye hivyo. Kufikia 2013 kompyuta zipatazo 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Lakini mwaka 2017 halmashauri hiyo hiyo iliamua kurudi Windows. Kulikuwa na malalamiko ya watumishi, na ugumu wa kubadilishana nyaraka na ofisi nyingine. Wapo waliosema kosa halikuwa la Linux bali la namna idara za kompyuta zilivyopangwa. Hata wakiwa sahihi, somo ni lile lile: kubadili mfumo ni kubadili watu na utaratibu wao. Ikiwa jiji tajiri lenye wataalamu lilielemewa, tusimcheke katibu wa parokia.

Hata hivyo, si kila sababu ya kubaki ina uzito sawa. Watu wengi wanabaki na Windows kwa sababu wanadhani ni ya bure. Fundi huiweka kwa ada ndogo, ikiwa nakala iliyovunjwa ufunguo, na mwenye kompyuta hajui kwamba leseni haijalipiwa, au anajua na kunyamaza. Hapo sifa kubwa ya Linux hupotea, maana nani atavutwa na kitu cha bure akiamini alichonacho pia ni cha bure? Ukweli ni kwamba hiyo ni mali ya wengine iliyochukuliwa bila ridhaa yao. Amri ya Saba haikuacha nje kazi ya akili kwa kuwa tu haishikiki mkononi. Tena, aliyevunja ufunguo anaweza kuwa ameacha na mlango wa wezi wazi.

Suala hili limekuwa la haraka zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Kompyuta isiyopokea masasisho ya usalama, huku imebeba majina ya waamini na hesabu za michango yao, ni dhamana iliyoachwa bila mlinzi.

Maoni yetu ni haya. Mwenye leseni halali, ambaye kazi yake inakwenda vizuri, abaki na Windows kwa amani. Asiye na leseni ailipie au ahame. Mwenye kompyuta ya zamani asiyeweza kununua mpya anakili kwanza faili zake, kisha aijaribu Linux kutoka kwenye flashi kabla ya kuiweka moja kwa moja. Nasi tunaoifahamu Linux tusiishie kuisifia. Tukimshauri mtu ahame, tukae naye mpaka printa yake ichape cheti cha kwanza, na tupokee simu yake wiki inayofuata atakapokwama. Bila hivyo, ana haki ya kutotusikiliza.