Kijana Asaidiaye Naye Asaidiwe

Apitaye Voi alfajiri hakosi kuwaona. Ni wavulana na wasichana wa shule, huyu akisukuma mkokoteni wa mitungi ya maji, yule amembeba nduguye mgongoni. Ukame wa mwaka wa 2022 ulizidisha safari hizo za maji. Na katika vijiji vinavyopakana na mbuga ya Tsavo, vijana hungojana ili waende shuleni kwa makundi, kwa kuwahofia ndovu.

Moyo huo wa kusaidiana ni wa kusifiwa, wala si kweli kwamba kila kazi ya nyumbani humwonea kijana. Mwaka wa 2009 watafiti Eva Telzer na Andrew Fuligni walitangaza uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa Los Angeles, Marekani, wengine wao wa jamaa zilizotoka Amerika ya Kilatini. Waliona kwamba kuwasaidia wazazi kwa kawaida hakukuwa mzigo kwa vijana hao. Walifurahi kwa kujua kuwa wametimiza wajibu wao.

Lakini kijana huyo akipatwa na shida, amwendee nani? Hapo ndipo tukosapo. Mvulana akilia huambiwa awe mwanamume. Msichana akieleza yaliyomkuta njiani kisimani, hulaumiwa yeye. Basi hunyamaza, nasi tukadhani kimya hicho ni adabu.

Wazee wa Kitaita hawakukiamini kimya cha namna hiyo. Kwao, hasira iliyofichwa moyoni iliweza kuleta maradhi na balaa nyumbani. Ndiyo sababu wakawa na ada ya kutasa: mtu hupiga funda la pombe au maji, akalitema huku akitamka maneno ya kuitoa hasira yake na kuwaombea wenzake heri. Grace Harris, aliyeishi na Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliieleza ada hiyo katika kitabu chake cha mwaka wa 1978.

Hatusemi vijana wa leo wakateme pombe. Tusemalo ni kwamba uchungu utamkwe, na awepo wa kuusikiliza, awe mzazi, shangazi, mjomba au mwalimu, bila ya kukemea. Jioni mitungi ikishatuliwa, mzazi asiulize habari za maji tu. Amwulize na mwanawe ameshindaje, kisha angoje jibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.