Miwani ya Kuongozea Roboti: Mvumi Itanufaikaje?

Mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu reli na kuacha maelfu bila makazi. Katika maafa ya aina hiyo, roboti inayoongozwa kutoka mbali kwa miwani ya uhalisia pepe ingeweza kukagua maeneo ya Mvumi yasiyofikika bila kuhatarisha waokoaji.

Umbali si kikwazo kikuu: ndani ya mkongo wa mawasiliano, mwanga husafiri takribani kilomita 200 kwa milisekunde moja. Ugumu umo katika usanifu. Picha ikichelewa zaidi ya milisekunde 20 hivi baada ya kichwa kugeuka, mwendeshaji huweza kupata kichefuchefu. Hivyo baadhi ya wasanifu huifanya roboti itume picha pana, nayo miwani ichague sehemu inayotazamwa.

Hata hivyo, mawasiliano yakikatika, miwani haioni. Uimara wa mkongo na minara ndio unaopaswa kutangulia.