Kwa Nini Nilikataa Kupigia Baa Promo Hapa Macalder

Wiki mbili zilizopita jamaa niliyesoma naye hapa Macalder alinipigia simu. Ameshapata chumba kizuri kando ya barabara, anasubiri tu leseni ya pombe, na anataka nimpigie promo kwa peji yangu. Video tatu, shilingi 15,000. "Omera, mji unakua," akaniambia. "Lazima watu wawe na mahali pa kujiachilia."

Wasee, 15,000 si doo ya kuchezea. Nilimwambia nitafikiria. Juzi nikamwambia hapana. Alikasirika, akaniita mlokole, akakata simu.

Acha nijieleze, kwa sababu najua si yeye peke yake anayefikiri hivyo. Na pia kuna kitu sijawahi kusema hapa: karo yangu ya sekondari ililipwa na chang'aa.

Dani yangu alikuwa anapika. Nilijua harufu ya sukari nguru ikichacha kabla sijajua kusoma. Jioni wachimbaji walikuwa wanakuja na vumbi la mawe kichwani, wanakaa kwa benchi nyuma ya jikoni, na mimi ndiye nilikuwa naosha glasi. Wikendi dani anavaa nguo nyeupe tunaenda kanisani. Sikuona shida yoyote. Sikulala njaa hata siku moja, na sikufukuzwa shule kwa sababu ya karo.

Nikiwa kidato cha pili, mmoja wa wale wateja alitoka kwetu usiku, mvua ikinyesha. Siku hiyo alikuwa ameuza dhahabu yake. Asubuhi alipatikana ndani ya shimo la zamani lililojaa maji, shimo ambalo hakuna mtu aliwahi kulifukia. Alikuwa na watoto wawili.

Baada ya mazishi mke wake alikuja kwetu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu mumewe aliacha pesa ngapi pale usiku ule. Dani akaingia ndani, akafungua fundo la leso, akamhesabia zote. Wiki hiyohiyo alivunja mitungi yake. Mimi nilikaa nyumbani karibu muhula mzima kwa kukosa karo, na nikamkasirikia sana. Nilimwambia yule mzee alijiangusha mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha kunywa. Dani akanijibu, "Nyathina, lakini aliyemmiminia ni mimi."

Miaka mingi baadaye ndiyo nilielewa aliitoa wapi hiyo. Soma Habakuki 2:15. Sisi tumezoea mahubiri ya kumgombeza mlevi. Mlevi ataenda motoni, mlevi ni aibu, mlevi atoke kwa kwaya. Lakini pale Habakuki ole haimwendei anayekunywa. Inamwendea anayempa jirani yake kinywaji mpaka alewe, halafu anafaidika na aibu yake. Ole ni ya mwenye kumimina.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Sisemi kila anayekunywa ni mtu mbaya. Nasema Mkristo hawezi kujenga mji kwa kuuza udhaifu wa jirani yake, halafu aite hiyo maendeleo.

Hebu angalia Macalder ni mji wa aina gani. Mgodi mkubwa ulifungwa miaka ya 60, lakini dhahabu haikuisha, na hadi leo watu wa Nyatike wanachimba kwa mikono. Wanaume wanashuka kwenye mashimo marefu, akina mama wanaponda mawe na kuosha mchanga, wengine wanashika zebaki na vidole vitupu. Hapa hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Ukipata, broka anakulipa leo, keshi mkononi. Kesho unaweza kukosa kabisa. Sasa weka baa kati ya broka na nyumbani. Pesa ya unga, ya sare, ya bima ya afya itapitia mlango gani kwanza? Na ukilewa hapa hulali kwenye nyasi tu, ukaamka na kichwa kinauma. Hapa kuna mashimo. Na kesho asubuhi mtu yuleyule anashuka chini, kamba yake imeshikwa na mwenzake ambaye naye alikuwa baa.

Najua mtanijibu nini. Wacha tuyachukue moja moja.

"Yesu mwenyewe alitengeneza divai Kana." Ni kweli, iko Yohana 2, na sitaificha. Lakini ile ilikuwa harusi. Mwenyeji aliwakaribisha watu wake, wakala, wakafurahi, wakaenda nyumbani. Hakuna mtu alikuwa anahesabu mauzo. Yesu hakukodi chumba mbele ya mahali vibarua wanalipwa. Na Paulo, ambaye alikubali kwamba Mkristo ana uhuru wa kula na kunywa, anasema kwenye Warumi 14:21 kwamba ni afadhali kuacha nyama na divai kama zinamwangusha ndugu yako. Haki unayo, sawa. Swali ni kama uko tayari kuiweka chini kwa sababu ya mtu mwingine.

"Kila mtu anakunywa, buda." Hapana. Utafiti wa NACADA wa 2022 ulipata kwamba Mkenya mmoja kati ya wanane, wa miaka 15 hadi 65, ndiye anayetumia pombe. Saba hawatumii. Lakini sehemu iliyonishtua ni nyingine: kati ya hao takriban milioni 3.2 wanaokunywa, kama milioni 1.3 tayari wametekwa na pombe, hawawezi kuiacha. Fikiria hiyo kama biashara. Mteja wako wa kila siku, yule anayekulipia kodi ya chumba, si yule anayekuja mara moja kwa mwezi kutazama mpira. Ni yule ambaye hawezi kupita mlango wako. Biashara inasimama juu ya mgonjwa.

"Mkikataa baa watakunywa chang'aa, na hiyo ni mbaya zaidi." Hii ndiyo hoja nzito, na mimi siwezi kuidharau kwa sababu nimetoka ndani yake. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1980, na dani alipika tu. Marufuku ya karatasi haikumzuia yeye, na haikuwaokoa wale zaidi ya 100 waliokufa Nairobi Novemba 2000 baada ya kunywa pombe yenye sumu, Mukuru kwa Njenga. Sawa. Lakini tangu 2010 sheria ilibadilika, chang'aa ikaruhusiwa ikiwa imetengenezwa kwa leseni na viwango. Je, watu waliacha kufa? Februari 2024, kijiji cha Kangai, Kirinyaga, zaidi ya watu 10 walikufa na wengine wakapoteza macho. Ile pombe iliuzwa kwa baa, si kichakani. Baa ikifunguliwa, chang'aa haiondoki. Inaongezewa jirani tu. Mwenye pesa leo atanunua mzinga barabarani, na kesho akiishiwa atarudi kwa mama wa nyuma ya jikoni.

"Itazalisha kazi na kodi." Itaajiri wasichana wawili wa kuhudumu na soja mmoja. Hesabu pia wale watakaokosa kazi, mume atakayegombana na mke, na mtoto atakayerudishwa nyumbani. Kaunti itachukua ada ya leseni mara moja kwa mwaka. Mama wa nyumbani atalipa kila wiki.

Sasa, kuna kitu wengi wetu hatujui. Kutoa leseni ya pombe si siri ya ofisi. Katiba ya 2010 iliwapa kaunti kazi hiyo, na sheria ya taifa ya vileo ya mwaka huohuo, ile watu walizoea kuiita sheria ya Mututho, inaweka masharti. Baa haifai kuwa ndani ya mita 300 kutoka shule. Siku za kazi inafunguliwa saa kumi na moja jioni, si asubuhi. Na kamati kabla ya kutoa leseni mpya inatakiwa iridhike kwamba ni kwa manufaa ya umma, na kwamba zile zilizopo hazitoshi. Soma hiyo tena polepole. Je, kuna mtu hapa Macalder anaweza kusimama mbele ya kamati na kusema kwa uso mkavu kwamba shida ya mji wetu ni pombe haitoshi?

Tena sheria inaruhusu wakazi kupinga ombi. Manze, tuna makanisa kila kona. Tuna Waadventista, ambao misheni yao ilianza Gendia, kule Kendu Bay, tangu 1906. Tuna Wakatoliki, Waanglikana, Legio Maria, Roho. Tukikutana kwa harambee tunajaza uwanja. Lakini kamati ikikaa kusikiliza maoni, nani anaenda? Tunangoja mtu afe ndiyo tulete kwaya kwa matanga.

Na hapa lazima niseme na sisi wa ndani. Kuna makanisa yanapokea sadaka nono ya mwenye baa Jumapili na kumkemea mlevi wake hiyohiyo Jumapili. Huo ni unafiki, na vijana wanauona. Pia tukimwambia mama aache kupika chang'aa, tumpe nini? Dani alipovunja mitungi, kanisa lilimpigia makofi na kumwombea. Hakuna aliyeuliza karo yangu itatoka wapi. Aliyemwokoa ni wanawake wanne wa chama chake, waliomkopesha pesa ya kuanza kuuza omena. Hiyo ndiyo injili niliyoiona kwa macho. Kanisa likitaka mji bila pombe, liwe na mfuko wa hao akina mama, na liwe na mahali pa kijana kukaa Jumamosi usiku mbali na benchi la baa. Tusipofanya hivyo, yule jamaa yangu ana haki ya kutucheka.

Mwingine atauliza, kwani wasio Wakristo watalazimishwa imani yako? Hapana. Sitaki polisi wamfuate mtu nyumbani kwake na glasi yake. Kamati pia haihitaji kusoma Habakuki. Inaweza kuangalia mashimo, shule, na pesa ya kila siku, ikafika palepale. Mimi nimekwambia tu kile kinachonisukuma. Kaini alipoulizwa habari za ndugu yake alijibu kana kwamba si kazi yake kumlinda. Sitaki kuwa na jibu hilo mdomoni mtu mwingine akipatikana shimoni asubuhi, na mimi nilikuwa na video tatu za kumwelekeza mlangoni.

Dani bado anauza omena sokoni. Hajawahi kuniambia nisinywe, na yule mteja hamtaji sana. Lakini kila mara mjane wake akipita, anamfungia kipimo kimoja kwenye gazeti na hachukui pesa.

Kwa rafiki yangu, najua utasoma hii. Sikuchukii, na najua unatafuta maisha kama sisi wote. Chumba chako kiko mahali pazuri. Weka chai, chapati, samaki wa kukaanga na televisheni kubwa ya mpira, na fungua mapema ili mchimbaji ale kabla hajashuka shimoni. Ukifanya hivyo, zile video tatu nitakufanyia bure. Simu yangu iko wazi.