Kishikwambi darasani: Kikae mikononi mwa nani?

Na Mwandishi Wetu

KWA takriban miaka ishirini sasa, nchi za Afrika Mashariki zimekuwa zikijaribu kuingiza kompyuta ndogo za mkononi katika vyumba vya madarasa. Vifaa vimebadilika umbo na majina, wafadhili wamekuja na kuondoka, lakini ahadi imebaki ileile: kwamba mtoto wa shule ya kijijini atapata elimu inayolingana na ya mwenzake wa mjini, na kwamba adha ya uhaba wa vitabu na walimu itapungua.

Hapa nchini suala hili lilipata uzito mpya mwishoni mwa mwaka 2022. Baada ya kumalizika kwa Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Agosti mwaka huo, Serikali iliamua kwamba vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa vielekezwe katika sekta ya elimu. Novemba mwaka huo Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, alizindua ugawaji wa karibu vishikwambi 300,000 kwa walimu na watendaji wengine wa elimu.

Uamuzi huo ulipokewa kwa furaha, na ilikuwa haki upokewe hivyo. Hata hivyo, tangu wakati huo mjadala umetawaliwa mno na idadi: vimegawiwa vingapi, mkoa gani umepata na upi umebakiwa na pungufu. Swali lililo zito zaidi limepata nafasi ndogo. Je, kifaa hiki kikiwa mikononi mwa nani ndipo mtoto anajifunza zaidi, na mhusika akifanye kazi gani hasa?

Swali hilo halihitaji kujibiwa kwa kubahatisha. Ukanda wetu una majaribio ya kutosha, na baadhi yake yalipimwa kwa makini. Yanaweza kugawanywa katika makundi matatu: kifaa kukabidhiwa mtoto, kifaa kukabidhiwa mwalimu, na kifaa kukabidhiwa yule anayemsimamia na kumwelekeza mwalimu.

Mtoto na kifaa chake

Jaribio lililovuta macho ya dunia kuhusu mtoto kukabidhiwa kifaa lilifanyika katika ardhi yetu wenyewe. Kati ya mwaka 2017 na 2019, taasisi ya XPRIZE ya Marekani iliendesha mkoani Tanga shindano la kutengeneza programu za kompyuta zitakazomwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Lugha iliyotumika ilikuwa Kiswahili. Shirika la UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania vilishiriki, huku kampuni ya Google ikitoa vishikwambi.

Karibu watoto 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 walihusika. Kila kijiji kiliwekewa kituo cha kuchajia kwa nguvu ya jua, na wanawake wa kijiji walikabidhiwa jukumu la kukitunza. Kwa mujibu wa taarifa ya waandaaji, asilimia 74 ya watoto hao walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno lolote ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitangazwa washindi na kugawana zawadi ya dola za Marekani milioni 10.

Matokeo hayo yanastahili kusomwa kwa pande zote mbili. Upande mmoja ni wa kutia moyo, kwani mtoto ambaye hajawahi kuketi darasani ameweza kujifunza kusoma kwa kifaa kinachozungumza lugha yake. Upande wa pili ni wa kutafakarisha. Ikiwa zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma neno, na idadi hiyo ikapungua kwa nusu, basi zaidi ya watoto 40 katika kila 100 walikaa na kifaa kwa mwaka mmoja na robo wakabaki hawajui kusoma neno hata moja. Kifaa kilisaidia, lakini kazi ya mwalimu haikumalizwa.

Majirani zetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi kwa wingi wa vifaa. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kompyuta kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza iliishia kwenye mabishano ya kisheria na kufutwa. Mwaka 2016 ndipo ugawaji ulipoanza, safari hii vikiwa vishikwambi badala ya kompyuta mpakato. Zaidi ya vifaa milioni moja vilifika katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000.

Mpango huo uliacha faida moja ambayo haipaswi kubezwa, nayo ni kusukuma umeme hadi katika maelfu ya shule zilizokuwa gizani. Aidha, kila shule ilipewa seva yake ya kuhifadhi masomo ili wanafunzi wasitegemee intaneti. Lakini mpangilio huohuo ulikuwa na udhaifu uliojitokeza Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19. Vifaa vilikuwa vimepangwa kutumika ndani ya uzio wa shule, chini ya uangalizi wa shule. Wakati ambapo mtoto alihitaji kifaa cha kujifunzia kuliko wakati mwingine wowote, mpango uliogharimu mabilioni ya shilingi haukuwa umeandaliwa kumfuata nyumbani.

Somo la Kisumu

Jaribio la tatu halikupata kelele nyingi, ingawa ndilo linalojibu swali letu kwa ukaribu zaidi. Lilifanyika katika Kaunti ya Kisumu mnamo 2013 na 2014, chini ya mradi wa kuinua usomaji na hesabu katika madarasa ya mwanzo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016.

Watafiti waligawa shule katika makundi kwa njia ya kura. Katika kundi moja, wanafunzi walipewa visomeo vya kielektroniki. Katika kundi la pili, walimu walipewa vishikwambi. Katika kundi la tatu, vishikwambi walipewa wakufunzi wa vituo vya walimu, yaani maofisa wanaozunguka shuleni kumwangalia mwalimu akifundisha na kumpa ushauri. Kundi jingine liliendelea kama kawaida ili litumike kulinganisha. Katika makundi yote matatu, vifaa viliambatana na vitabu, miongozo ya walimu na mafunzo.

Makundi yote matatu yalifanya vizuri kuliko lile lililoendelea kama kawaida. Jambo la kuzingatia ni kwamba watafiti hawakuona tofauti ya maana baina ya makundi hayo matatu yenyewe. Mtoto ambaye mkufunzi wa mwalimu wake alikuwa na kishikwambi alipiga hatua sawa na mtoto aliyepewa kifaa chake mwenyewe.

Ikiwa matokeo yanalingana, gharama ndiyo inayoamua. Mkufunzi mmoja huhudumia shule nyingi. Kumpa yeye kifaa kimoja ni nafuu kupita kiasi ukilinganisha na kumpa kifaa kila mtoto wa shule zote anazozizungukia. Kwa sababu hiyo watafiti waliona kuwa njia ya mkufunzi ndiyo yenye tija kubwa zaidi kwa kila shilingi, miongoni mwa zile tatu zilizotumia vifaa.

Kenya iliifanyia kazi elimu hiyo. Mpango wa kitaifa wa usomaji uitwao Tusome, ulioanza mwaka 2015 kwa ufadhili wa Marekani na Uingereza, uliwapa vishikwambi maofisa wanaosaidia utekelezaji wa mitaala. Ofisa alipofika darasani alirekodi namna somo linavyofundishwa, kisha akawasikiliza wanafunzi watatu wakisoma na kuingiza matokeo papo hapo. Kifaa kilionyesha pia mahali alipokuwa, na marejesho ya nauli yake yalihesabiwa kwa ziara zilizothibitishwa. Hivyo kishikwambi kimoja kilifanya kazi tatu: kilimkumbusha ofisa mambo ya kuangalia, kilipeleka takwimu ngazi za juu bila kuchelewa, na kilimpa sababu ya kufika shule iliyo mwisho wa barabara.

Tulipo sasa

Tukirudi nyumbani, uamuzi wa mwaka 2022 wa kumpa kifaa mwalimu badala ya mwanafunzi haukuwa mbaya. Unakubaliana pia na msimamo wa ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu, iliyosisitiza kuwa teknolojia imsaidie mwalimu na isichukue nafasi yake. Kinachokosekana ni kazi mahsusi ya kifaa.

Mwalimu akipewa kifaa bila kuelezwa kazi ya kila wiki inayotarajiwa kutoka kwake, kifaa hicho hujitafutia kazi. Kinaweza kuwa cha kujazia takwimu za shule zinazohitajika wilayani, au cha kupokea matangazo ya kikazi. Hizo ni shughuli halali za utawala, lakini mtoto wa darasa la pili anayehangaika na silabi hanufaiki nazo.

Misingi ya kugeuza hali hiyo ipo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Upo mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaojulikana kwa kifupi kama MEWAKA, ambao unawakutanisha walimu katika shule zao kujadili mada ngumu. Wapo maafisa elimu kata, ambao kazi yao haiko mbali na ile ya wakufunzi wa Kisumu. Tena, masharti ya shindano la Tanga yaliwataka waliofika fainali kuziweka programu zao wazi ili yeyote azitumie na kuziboresha bila malipo. Maana yake ni kwamba tangu mwaka 2019 zipo programu za Kiswahili za kufundishia kusoma na kuhesabu, zilizopimwa kwa watoto wa Kitanzania, zinazoweza kutumika bila kununua leseni.

Kwa kuzingatia hayo, yapo mambo manne ambayo wizara zinazohusika na elimu na tawala za mikoa zinaweza kuyafanya bila kusubiri shehena mpya ya vifaa.

Kwanza ni kumpa afisa elimu kata kazi iliyo wazi: aingie darasani na kishikwambi, asikilize watoto wachache wa darasa la kwanza na la pili wakisoma, aingize matokeo, kisha aketi na mwalimu siku hiyohiyo kumshauri. Taarifa hizo zikikusanywa, wilaya itajua watoto wa shule ipi wamekwama muda mrefu kabla ya mtihani wa kitaifa kuitangaza.

Pili ni kuwapa kipaumbele walimu wa madarasa ya mwanzo. Vifaa vikiwa havitoshi au vikianza kuchakaa, mwalimu anayefundisha Kusoma, Kuandika na Kuhesabu asiwe wa mwisho katika orodha.

Tatu ni matengenezo na gharama za intaneti. Betri ya kishikwambi huchoka baada ya miaka michache, na kioo huvunjika. Vifaa vilivyogawiwa mwaka 2022 haviwezi kuepuka kanuni hiyo. Bajeti isiyotenga fungu la fundi na la bando inamwachia mwalimu achague kati ya mfuko wake na kabati la kufungia kifaa. Masomo yakiwekwa ndani ya kifaa chenyewe, kama ilivyofanyika Kenya kwa seva za shule, sehemu ya gharama hiyo itapungua.

Nne ni kupima. Kisumu ilitoa jibu kwa sababu shule zilipangwa katika makundi na matokeo yakalinganishwa. Nchi iliyogawa vishikwambi karibu 300,000 ina nafasi nzuri ya kufanya kipimo cha aina hiyo katika halmashauri chache, ikajua kinacholeta tofauti kabla ya kutia saini ununuzi mwingine.

Wapo watakaosema kwamba kumnyima mtoto kifaa ni kumrudisha nyuma katika dunia inayokimbilia teknolojia. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kupuuzwa. Mtoto wa Kitanzania anastahili kujua kompyuta, na siku ya kumpa kifaa chake mwenyewe inapaswa kufika. Lakini asiyejua kusoma hawezi kunufaika na kioo chenye maandishi hata kikiwa cha kisasa kiasi gani. Usomaji ndio mlango, na kwa fedha zilizopo, ushahidi wa Kisumu unaonyesha kuwa mlango huo hufunguliwa kwa gharama ndogo zaidi pale kifaa kinapoimarisha kazi ya mwalimu na ya anayemsimamia.

Siku itafika ambapo Serikali italazimika kuamua kuhusu vishikwambi vipya, kwa kuwa vya 2022 havitadumu milele. Siku hiyo wazazi, walimu na wabunge waulize kwanza vya zamani vilifanya kazi gani, na ni watoto wangapi wanasoma leo kwa sababu yake. Jibu la swali hilo ndilo litangulie zabuni.