Gari Halitoroki

Leo nimekuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe naulenga kwetu sisi tunaoshika kalamu. Fungua gazeti lolote hapa Nairobi, au sikiza taarifa ya habari ya jioni. Utaambiwa kwamba mtu mmoja amefariki baada ya kugongwa na gari ambalo baadaye lilitoroka. Lilitoroka! Gari gani hilo lenye miguu na woga? Gari halitoroki. Anayetoroka ni mtu, ana jina, ana leseni, ana mahali anapolala.

Mtasema nachokonoa sarufi bure. Wapi! Sarufi hii inamficha mtu.

Tazama sheria inavyosema. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kifungu cha 73, haizungumzii gari lililotoroka. Inamtaja dereva. Akigonga mtu, lazima asimame. Akiulizwa na mwenye sababu ya kuuliza, atoe jina na anwani yake, jina la mwenye gari na nambari ya gari. Asipotoa, kwa sababu yoyote ile, akaripoti polisi upesi iwezekanavyo, wala zisipite saa 24. Kifungu cha 46 nacho kinasema anayesababisha kifo kwa kuendesha kihatari anaweza kufungwa hadi miaka 10. Haya ni makosa mawili mbalimbali. Kugonga kunaweza kuwa bahati mbaya: breki zimekataa, mvua inanyesha, mtoto amechomoka kichochoroni. Kukimbia si bahati mbaya hata siku moja. Hata kama kugonga hakukuwa kosa lako, kutosimama ni kosa lako.

Lakini sisi yote mawili tunayafunga katika neno moja: ajali. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na kwao ajal ni muda wa mtu uliokwisha kuwekwa, siku yake ya kufa. Ndiyo maana tukilitamka tunalegeza mikono. Ajali haina kinga, siku yake ilifika, poleni. Sawa, imani siigusi. Nauliza tu: aliyeachwa kando ya barabara akivuja damu mpaka kukakucha, siku yake ilifika au iliharakishwa?

Mtaani kwetu kulikuwa na mama mmoja aliyeuza mandazi stejini. Alfajiri moja dereva alimgonga akivuka barabara, akamwacha pale. Nilimsindikiza mwanawe kituoni. Kwenye OB wakaandika: gari lisilojulikana. Maneno mawili, basi, mambo kwisha. Bila nambari humpati mwenye gari, na bila mwenye gari huipati bima. Sura ya 405 inalazimisha kila gari liwe na bima ya kumlinda mtu wa nje, na tangu 2006 kiwango cha juu kinacholipwa kwa mtu mmoja ni shilingi milioni 3. Pesa za watu kama mama huyo ndizo hizo. Sasa mwanawe amshtaki nani? Na saa haimngojei, maana kesi ya fidia ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3. Uingereza kuna chombo cha makampuni ya bima kilichoundwa 1946, na leo hulipa hata pale dereva aliyekimbia hakupatikana. Kwetu tulifanya harambee.

Najua madereva watanijibu nini: "Buda, nikisimama wananchi watanichoma pamoja na gari." Hofu hiyo naielewa, umati wenye hasira si mchezo. Lakini hata ukishindwa kusimama pale, kituo cha polisi kipo mbele. Nenda moja kwa moja ukaseme: ni mimi, yuko mahali fulani, tumeni ambulensi. Hapo utakuwa umeiokoa roho yako bila kuitupa ya mwenzako. Yule anayepitia gereji kunyoosha boneti na kubadilisha taa kabla hakujapambazuka, huyo haogopi wananchi. Anaogopa kujulikana.

Sasa nije kwenu, wenzangu wa kalamu, maana ninyi ndio nimewafuata. Hadithi ngapi tunazoleta kwenye kurasa kama hizi humalizwa na lori? Baba mlevi amemchosha mwandishi, basi anavushwa barabara, lori linatokea, amekufa, hadithi imekwisha. Na dereva wa lori? Hayumo. Hana uso, hakufunga breki, hakutazama kioo, hakulala usiku huo akigeukageuka. Mwandishi naye amegonga akakimbia! Kumbe hapo ndipo hadithi ilipokuwa inaanza.

Msidhani haya ni ya vitabuni. Kila mwaka, kutoka 2021 hadi 2024, watu zaidi ya 4,000 walikufa katika barabara za Kenya, na waendao kwa miguu ndio waliokuwa wengi kuliko kundi lingine lolote. Ni sisi hao. Ni sisi wa Pipeline na Githurai tunaotoka gizani kuwahi matatu. Ati tunaandika kuhusu maisha ya mtaa, na kinachotumaliza mtaani tunakiita "gari"?

Ombi langu ni dogo. Ukiandika, andika: dereva alimgonga akakimbia. Mpe kitenzi chake akibebe mwenyewe. Na siku utakayokuwa umesimama pale barabarani, si mezani, kabla ya mayowe na kabla ya kupiga picha, soma nambari ya gari. Iandike hata kwenye kiganja. Mwite mtu wa kumsaidia aliyeumia, kisha nenda kituoni ukaitaje nambari hiyo, wala usitoke mpaka uione kwa macho yako imeandikwa kwenye OB.