Neno la Mhariri: Elimu ya Ardhi na Falaki katika Milima ya Masisi

Msafiri atokaye Bihambwe, akashuka kwa njia ya Mushaki mpaka Sake, kisha akafuata ukingo wa Ziwa Kivu hadi Goma, huwa amekanyaga katika safari ya siku moja mawe ambayo umri wake wapishana kwa kadiri isiyowezekana kufikirika pasipo msaada wa elimu. Kwani miamba ya milima ya Rubaya, ambamo wachimbaji hutafuta koltani kwa sururu na chepe, iliganda chini ya ardhi yapata miaka milioni elfu moja iliyopita, ilhali baadhi ya mawe meusi yaliyoko kaskazini ya Goma yalikuwa bado moto unaotiririka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, na kwa hivyo ni madogo kwa umri kuliko wengi wa watoto wanaoyarukia wakienda kuteka maji. Baina ya mawe hayo mawili umo mtaala mzima wa elimu ya ardhi, na mwalimu aliyejaliwa kufundisha katika nchi hii hana haja ya kuazima mifano kutoka milima ya Alps.

Hata hivyo elimu ya ardhi yetu imekaa ughaibuni. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-1 hupiga rada juu ya Masisi mchana na usiku, wala mawingu yanayoifunika milima yetu kwa miezi mingi ya mwaka hayazizuii, na vipimo vyake hutolewa bure kwa yeyote mwenye mtandao wa kuvipokea na maarifa ya kuvisoma. Navyo husomwa katika vyuo vikuu vya Ubelgiji na kwingineko, na matokeo yake huandikwa aghalabu kwa Kiingereza. Tantali itolewayo katika koltani ya Rubaya, inayokadiriwa kuwa karibu asilimia 15 ya ile ichimbwayo ulimwenguni kote, imo katika vijidude vya kuhifadhia chaji ya umeme ndani ya simu na kompyuta ambazo kwazo watoto wa miji ya mbali huzungusha tufe la dunia kwa kidole na kulisogeza karibu mpaka wakayaona makovu ya machimbo kwenye migongo ya milima. Mtoto wa Bihambwe, ambaye huenda baba yake ameyachimba makovu hayo, ndiye wa mwisho kuoneshwa taswira hiyo, na wengi hawaoneshwi kabisa. Dhuluma hii haijapata wa kuipinga, na ndiyo sababu ya kulitoa toleo hili lote kwa mada moja: kufundisha elimu ya ardhi na ya falaki kwa zana za mtandaoni zinazompa mwanafunzi nafasi ya kugusa, kubadili na kujaribu, badala ya kunakili ubaoni.

Rai ya jarida hili ni kwamba zana hizo ni haki ya mwanafunzi wa Masisi sawasawa na ya mwenzake wa Nairobi au Brussels, lakini hazitamfaa kitu ikiwa hazitaanzia kwenye kilima anachokiona kutoka mlangoni pa darasa lake.

Chukua mfano wa mazuku, yaani mashimo ya hewa iuayo. Katika nyanda za mawe ya volkano magharibi ya Goma, hadi karibu na Sake, hewa ya ukaa hutoka katika nyufa za ardhi na kujikusanya kwenye mashimo na mabonde madogo. Nayo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa kadiri ya mara moja na nusu, hulala chini kimya, haina rangi wala harufu ya kumhadharisha mtu, ikazidi usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Mbuzi hufa kabla ya mchungaji, na mtoto aliyelazwa chini hufa kabla ya mama aliyesimama. Wenyeji wa huko wanayajua mashimo hayo tangu zamani na huyaepuka. Lakini watu wa milima ya Masisi, ambao vita viliwafukuza makwao wakaja kujenga vibanda vya turubai juu ya mawe hayo, walitoka katika udongo mwekundu wa malisho na mashamba, mahali ambapo mtu hafundishwi na wazazi wake kuliogopa shimo tupu. Kwao somo la uzito wa hewa lilikuwa kinga ya roho, na shule zao hazikuwa zimewafundisha.

Tunaeleza hapa jinsi mwalimu mmoja anavyoweza kulifundisha somo hili, kwa sababu ndani yake mna hoja yetu yote. Aanze na magadi soda ndani ya jagi, amimine juu yake maji ya limau, angoje povu litulie. Kisha awashe kipande cha mshumaa ndani ya beseni, na kuinamisha jagi taratibu juu yake bila kumwaga hata tone la maji. Mwali utazimika, na darasa litakuwa limeona kwa macho yake kitu kisichoonekana kikimiminika. Hapo ndipo afungue programu ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, ambayo mara ikishapakuliwa haihitaji tena mtandao, wanafunzi wapulizie ndani ya chumba cha mfano chembe nzito na chembe nyepesi, wapandishe joto, walishushe, waone nzito zikienda polepole kuliko nyepesi, na waulizane kwa nini. Akimaliza, na awaweke mbele ya ramani wayatafute mabonde yaliyo chini ya barabara ya Sake, na kila mmoja aeleze ni wapi asingekubali kulaza mdogo wake, na kwa hoja gani. Programu ile peke yake, bila ya mshumaa na bila ya ramani, ingebaki mchezo wa nukta za rangi. Na mshumaa peke yake ungebaki kiinimacho.

Mbinguni nako hali ni hiyo hiyo. Programu nyingi za kuonesha mwendo wa jua na nyota zimetungwa na watu wa nchi za kaskazini, zikafunguka kwa anga lao: jua limeegemea kusini mwaka mzima, majira ni manne, na hilali imesimama wima. Mtoto wa Bihambwe, aliyeko yapata digrii moja na nusu kusini ya mstari wa ikweta, huiona hilali imelala kama mtumbwi, na anajua majira ya mvua na ya kiangazi, wala hajapata kuona theluji ila kwenye picha. Akiletewa anga la wageni na kuambiwa ndilo anga, ataamini kwamba macho yake yamekosea, na huo ni msiba mkubwa kuliko kukosa programu. Dawa yake ni nyepesi: katika Stellarium, ambayo ni bure na hufanya kazi pasipo mtandao, mwalimu abadilishe mahali, aweke Goma au aandike latitudo yake mwenyewe, na papo hapo Msalaba wa Kusini na nyota za Dubu Mkubwa zitapatikana katika anga moja, jambo ambalo watu wa Paris hawalipati.

Na kabla ya hapo na asimike fimbo uani. Siku chache kabla ya tarehe 21 Machi, na tena siku chache baada ya tarehe 23 Septemba, jua hupita utosini mwa Masisi, na kivuli cha fimbo iliyonyooka hutoweka chini yake. Wanafunzi watakaosubiri kwa saa mkononi watagundua shani nyingine: mwezi wa Machi kivuli hutoweka karibu robo saa baada ya saa sita kamili, na mwezi wa Septemba hutoweka dakika chache kabla yake. Kwa nini jua lisishike saa? Swali hilo, likiulizwa na mtoto aliyeliona kwa fimbo yake, litamfikisha kwenye mzunguko wa dunia usio duara kamili na kwenye mhimili wake ulioinama. Naye akirudi kwenye programu na kuiendesha siku kwa siku, atakuwa anatafuta jibu la jambo lake mwenyewe.

Wako watakaotuuliza, nao wana haki ya kuuliza, inakuwaje tuzungumze kompyuta katika nchi ambayo shule zake zimefungwa na kufunguliwa kwa kufuata mwendo wa vita, ambamo chaki ni adimu na mwalimu hulipwa kwa kuchelewa. Hatudai kwamba kompyuta itangulie chaki. Tunasema kwamba simu tayari zimo mikononi mwa wachimbaji, wachuuzi na walimu, hata pale ambapo mnara wa mtandao haushiki ila juu ya kilima. Na kwamba ipo njia ya kufundisha isiyoungoja mnara huo. Programu ya Kolibri hukusanya masomo, na ile ya Kiwix huihifadhi Wikipedia nzima ya Kiswahili, ndani ya kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, ambayo hutumia umeme wa paneli ya jua na kuzigawia simu za darasa zima bila intaneti yoyote. Sharti mtu aijaze Goma au Bukavu, aibebe, na aijaze upya kila muhula. Kazi hiyo ni ya watu, na watu ndio wanaotupungukia kuliko mitambo.

Tunatambua pia tatizo la lugha. Serikali ya Kongo imeingiza somo la sayansi za uhai na ardhi katika darasa la saba na la nane kwa mtaala mpya, na hilo tunalisifu. Lakini somo hufundishwa kwa Kifaransa, programu nyingi zina vibonyezo vya Kiingereza, na mtoto hufikiri kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili. Tafsiri za Kiswahili zimekwisha kuanza, baadhi ya programu za PhET zikiwamo, na jarida hili litatenga kurasa zake kuzikagua moja baada ya nyingine.

Ubaya wa kuwaacha watu pasipo elimu hii uliwahi kuonekana peupe. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, kilichoanzishwa mwaka 1986, kilikaa miezi kadhaa kabla ya mlipuko wa volkano wa 2021 bila hata intaneti ya kupokelea habari za mitambo yake. Na moto ulipokwisha kutoka, ardhi ikatetemeka siku nyingi mfululizo, na asubuhi ya tarehe 27 Mei mamlaka ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe, watu kwa maelfu ya maelfu wakamiminika Sake, mlangoni pa Masisi, huku uvumi ukikimbia mbele yao. Rada za setilaiti zilikuwa zimeona kwamba uji wa moto umepenya chini ya mji mpaka chini ya ziwa, ziwa ambalo maji yake ya kina yamebeba yapata kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani. Wachache waliweza kuisoma picha ile, na wachache zaidi waliweza kuieleza kwa Kiswahili cha sokoni.

Kwa hiyo tunawaomba wale wote wapewao ruhusa ya kuweka vyombo vya kupimia juu ya milima yetu, wawe wa vyuo vikuu, wa makampuni ya madini au wa serikali, walipe deni moja: kila chombo kinachowekwa karibu na shule, vipimo vyake viletwe katika shule hiyo kila muhula, kwa Kiswahili, katika umbo ambalo wanafunzi wanaweza kulifungua na kulichora upya, na pamoja navyo jina la mtu wa kuulizwa. Nao walimu tunawaomba wasivipokee vipimo hivyo kabla wanafunzi wao hawajakwenda kukiona chombo chenyewe na kuandika kwa mikono yao wanachodhani kitasema.